Pua ya Madam

Katika miaka sita niliyokaa nyumbani kwake sikumwona Madam akimeza divai hata tone moja. Aliisukasuka ndani ya bilauri yenye mguu mrefu, akaitia pua, akavuta funda, akalizungusha mdomoni kama anayesukutua, kisha akalitema ndani ya kikombe cha chuma. Kikombe nilikishika mimi. Nilisimama upande wake wa kushoto, hatua moja nyuma, na alipotaka kutema hakugeuka kunitazama. Alinyoosha shingo tu, nami nikajua. Siku niliyochelewa alitema vivyo hivyo, ikaniingia kwenye mkono wa gauni.

"Kilicho haramu ni kumeza," aliniambia siku ya kwanza, ingawa sikuwa nimemuuliza kitu. "Mie naonja tu. Kuonja ni elimu."

Hayo hayakutokea Riyadh. Riyadh ndiko tulikoishi, katika jumba la mawe meupe mtaa wa Al-Malqa, na ndani ya jumba hilo divai haikuingia wala jina lake halikutajwa. Yalitokea Georgia, nchi ya milima iliyopakana na Uturuki, ambako watu wengi wa Riyadh hukimbilia joto linapozidi. Wenzake walikwenda kutazama maporomoko ya maji na kupiga picha na farasi. Madam aliwaandikisha binti zake wawili kwenye kambi ya watoto, wakachukuliwa asubuhi na kurudishwa jioni, na sisi wawili tukashinda kwenye mashamba ya mizabibu. Kila shamba lilikuwa na chumba chake cha kuonjea: meza ndefu ya mbao, mapipa ukutani, ubaridi kama wa pangoni, na mtu wa kumimina. Tuliingia vinne au vitano kwa siku. Mumewe, ambaye sote nyumbani tulimwita Baba, alibaki Riyadh na kazi zake, akiamini mkewe yuko kwenye bustani za maua.

Mimi nilikuwa nimetoka Taita kwenda kulea watoto. Baba yangu mzazi alikunywa pombe ya miwa hadi ikamtoa duniani, na mama alitulea katika kanisa ambalo hata kupita karibu na kilabu ilikuwa dhambi ya kutubiwa Jumapili. Siku ya kwanza kusimama kati ya mapipa yale nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Madam aliona. Alitabasamu, akanikabidhi kile kikombe cha mate nikishike kwa mikono miwili.

Aliongea nami Kiswahili, na si Kiswahili cha kuokoteza. Kilikuwa Kiswahili cha Unguja, cha kuvutwa mwishoni, na kilimtoka bila kukifikiria. Alikuwa amekulia Al-Mahjar, kusini mwa Jeddah, kwenye vichochoro vya mafundi na maduka ya vipuri, na mama yake, aliyempa Kiswahili hicho, alikuwa bado anaishi huko. Lakini mgeni akimsikia akinisemesha na kumuuliza amekijulia wapi, alijibu kwa Kiarabu bila kupepesa jicho: "Nilijifunza kwa ajili ya watumishi."

Mara moja mama yake, ambaye mimi nilimwita Bibi, alikuja Riyadh kumwona. Siku ya tatu wageni wakaingia bila taarifa, wanawake wanne wa mtaani wenye mikoba ya bei, wakamkuta Bibi sebuleni na leso yake kiunoni. Madam akasimama, akamwekea mkono begani, akasema, "Huyu ndiye aliyenilea." Hakusema uongo. Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma, kama watu wanaoonyeshwa yaya mzee wa familia. Bibi akanyanyuka taratibu, akaja jikoni, akaketi karibu nami na kuanza kumenya vitunguu saumu. Alimenya bakuli zima. Wageni walipoondoka Madam alikuja kumwambia kwamba chai iko tayari sebuleni, na Bibi akamjibu kuwa amekwisha kunywa na wenzake.

Madam hakuwa mtu wa kupiga, wala wa kupaza sauti. Nilipofika, wasichana wenzangu wa Kenya niliowafahamu kwenye simu walikuwa wakisimulia makofi na kufungiwa vyumbani, nami nikajiona nimebahatika. Baada ya mwezi mmoja nilivunja chupa ya marashi yake. Nilisimama mbele yake, nikaomba msamaha, nikamwomba asikasirike.

"Sijakasirika," akaniambia kwa upole kabisa. "Mtu humkasirikia mwenzake."

Aliendelea kusoma simu yake. Nilikaa na neno hilo miaka. Kofi lingepoa.

Chakula changu alikionja kama alivyoionja divai. Alitia kijiko mdomoni, akafumba macho, akatema kwenye kitambaa cha karatasi na kunipa, halafu akaniambia nilichokosea. "Umepika una hasira. Kitunguu kimeungua upande mmoja, ukaficha kwa nyanya." Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba katika mambo ya pua na ulimi hakukosea hata mara moja. Angeweza kuingia ndani akakwambia ni nani alipita hapo saa nzima iliyopita, na kama alikuwa na wasiwasi.

Sitaki mtu adhani hakuwa na moyo. Mwaka wangu wa pili niliugua kidole tumbo, nikapasuliwa, na Madam akakaa kwenye kiti kando ya kitanda changu siku mbili. Aliwaambia wauguzi mimi ni ndugu yake. Aligombana nao kwa Kiarabu juu ya shuka, akanilisha uji kwa kijiko, akanifuta mdomo kwa kidole chake. Nililia kwa shukrani. Siku ya tatu tulirudi nyumbani, akanionyesha sakafu ya gereji na ndoo. "Daktari kasema utembee," akasema. "Yalla."

Aliyenifundisha kunusa ni yeye. Ilikuwa safari ile ya kwanza ya Georgia, mchana mmoja ambapo mmiminaji alikuwa ametoka kupokea wageni wengine na Madam akabaki bila mtu wa kumsikiliza. Akanisogezea bilauri.

"Hebu nusa. Wasikia nini?"

"Divai, Madam."

Akacheka. "Hujui kunusa weye. Funga mdomo. Vuta kidogo kidogo, kama mbwa. Usitafute jina, majina yatakupoteza. Tafuta mahala. Ulipoisikia harufu hii mwanzo, ulikuwa wapi?"

Nikafunga mdomo, nikavuta kidogo kidogo. Na ghafla nilikuwa nyuma ya shule yetu ya msingi, chini ya mzambarau, msimu ule zambarau zinapoanguka na kukanyagwa mpaka ardhi inakuwa nyeusi na nyigu wamejaa. Nikamwambia. Madam akaichukua bilauri, akanusa tena mwenyewe, muda mrefu.

"Kweli," akasema.

Hakufurahi. Siku zilizofuata alinijaribu kama mtu anayekwaruza kidonda. Hii je? Na hii? Nilimwambia ngozi mbichi iliyoanikwa, godoro la pamba lililonyeshewa, kalamu ya risasi iliyotafunwa. Nilikuwa napatia. Jioni aliandika maneno yangu kwenye daftari lake kwa Kiarabu, na kesho yake niliyasikia akimwambia mmiminaji mwingine kwa Kiingereza kama yake.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, viwanja vya ndege vikafungwa, nasi tukafungiwa Al-Malqa. Madam aliugua wiki mbili. Homa ikapona, kikohozi kikapona. Jambo moja halikupona, na alilificha hata kwa Baba. Mimi nililigundua kwa sababu ya kamba wa baharini. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, kamba wakaoza ndani ya friji, na nilikuwa naenda kuwatupa huku nimebana pua kwa leso. Nikamkuta Madam amefungua mlango wa friji. Alikuwa amesimama katikati ya uvundo ule, ametulia, anachagua jibini.

"Mbona umeziba pua?" akauliza.

Nikayatazama mapakiti ya kamba, nikamtazama yeye. Aliyafuata macho yangu. Nikamwona akielewa kwamba nimeelewa. Akaufunga mlango wa friji polepole.

"Ukimwambia mtu," akasema, "nitakurudisha kwenu na kesi ya wizi."

Aliyegundua pili alikuwa Bibi. Njia zilipofunguliwa tulikwenda Jeddah kumwona. Madam alimwambia dereva asimame barabara kubwa, kama ilivyokuwa desturi yake, tukaingia kichochoroni kwa miguu. Bibi alikuwa amepika pilau. Nilipoitia mdomoni nikashangaa: ilikuwa na chumvi na nyama, rangi yake nzuri ya kitunguu, lakini haikuwa na bizari, hiliki, mdalasini wala karafuu. Ulikuwa wali wa kahawia. Madam alikula sahani nzima.

"Pilau yako, mama," akasema, "hakuna anayeiweza Jeddah nzima."

Bibi alinitazama mimi, nami nikainamisha macho. Sijui alikuwa ameanza kushuku lini. Tulipokuwa tunaondoka alimshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili, akamnusa paji la uso kama watu wanavyonusa mtoto mchanga, na Madam akamtoa mikono akisema gari linangoja.

Ili mambo yaeleweke, sharti niseme kwamba kufikia wakati huo Madam alikuwa na jina mjini Riyadh. Chumba kimoja cha chini nyumbani alikuwa amekigeuza chumba cha kuonjea, mfano wa vile vya Georgia, meza ndefu ya mbao na taa hafifu na bilauri zile zile. Alhamisi baada ya Alasiri wanawake walikuja kuonja asali, mafuta ya zeituni, siki, na maji ya zabibu za Taif yasiyochachuliwa. Hakukuwa na kitu cha haramu. Walikaa wakimsikiliza kama wanafunzi, na baadhi yao walimwalika akazungumze kwenye kumbi zao. Sasa hakuweza kutofautisha asali na maji ya sukari.

Basi akanifanya mimi pua yake. Nilimimina, nikanusa nikiwa nimeinama, nikamwambia kwa Kiswahili kwa sauti ya kuuliza, kana kwamba nauliza kama chai iletwe. "Hii ina moshi, Madam, na maua ya mgunga, na mwisho wake kiatu kipya." Naye akanijibu kwa ukali, "Haya, nenda," halafu akawageukia wageni na kuwaeleza kwa Kiarabu kizuri juu ya moshi na mgunga na ngozi ya tandiko la farasi. Kiatu changu kiligeuka tandiko. Wanawake walihema. Ni mmoja tu, mama mmoja mwenye mahali pa kukaangia kahawa Jeddah, ambaye wenzake walipomtazama Madam yeye alinitazama mimi.

Safari ya pili ya Georgia ilipokaribia, mama yangu alikuwa hoi. Dada yangu aliniambia miguu imevimba na chakula hakishuki. Nikamwomba Madam ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Safari hii kwanza," akasema. "Tukirudi utakwenda kwenu miezi miwili, tiketi juu yangu. Nimekuahidi mie." Akanyoosha mkono. "Simu yako haitafanya kazi kule. Iache hapa."

Niliiacha kwenye droo ya jikoni.

Safari hiyo kunusa peke yake hakukutosha. Katika chumba cha kwanza cha kuonjea alinisogezea bilauri na kuniambia nionje. Nikamwambia sinywi, anajua sinywi, baba yangu alikufa kwa kinywaji.

"Baba yako alimeza," akanijibu.

Nikaonja. Nikatema kwenye kikombe kile kile nilichokuwa nimekishika. Mwanzoni niliomba Mungu kimoyomoyo kila funda, halafu, na hili nalisema kwa aibu, nikaacha kuomba kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Ulimi wangu ulikuwa umefunguka kama dirisha. Wenye mashamba walimsifu Madam mpaka simu zikapigwa kutoka shamba moja kwenda jingine, na tulipofika mahali tukawakuta wamekwisha kupanga chupa wasizowapa wageni wengine. Kwao mimi nilikuwa mtumishi anayemwonjea mkubwa wake kwanza, kama ilivyo desturi ya nchi fulani za mbali. Nadhani ndivyo alivyowaambia.

Jumamosi moja tulikwenda shamba kubwa kuliko yote. Mwenyewe alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, na divai yake aliichachua ndani ya mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Meza ilikuwa na wageni wengine, Wazungu sita au saba. Mzee akamimina divai ya rangi ya chai. Nikainama, nikavuta kidogo kidogo, kisha nikavuta tena.

"Haya?" akasema Madam.

"Ni kabati," nikamwambia. "Kabati la mama."

"Kabati la nini?"

"Anakoweka leso zake. Kuna harufu ya nguo zilizokunjwa siku nyingi, na mbao kavu. Na mapera. Alikuwa anatuficha mapera mle tusiyamalize, yakaivia humo humo kwenye leso. Ukifungua mlango wote wanajua."

Madam alinitazama kidogo zaidi ya kawaida yake.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nilimweleza mlango uliokwama upande wa juu, mama akiuinua kwa goti. Nilimweleza Biblia yake ya ngozi iliyokaa chini ya leso. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akawageukia wale wageni akaanza kuwaeleza kwa Kiingereza juu ya kabati la mama yake, na mapera, na mlango ulioinuliwa kwa goti. Hakuacha kitu. Mzee akaweka kiganja kifuani. Mwanamke mmoja alifuta machozi kwa ncha ya skafu. Madam akavuta funda, akalizungusha, akanyoosha shingo, nami nikaweka kikombe.

Tulirudi Riyadh siku nne baadaye. Binti zake walipokwisha kulala kidogo baada ya ndege, Madam aliniita sebuleni na kuniambia niketi. Sikuwahi kuketi kwenye viti vile. Akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Mama yako amefariki," akasema. "Siku ya pili ya safari."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ile ile. Dada yako alinipigia."

"Kwa nini hukuniambia, Madam?"

Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu anayeulizwa kwa nini dawa inywewe baada ya chakula.

"Ungelia," akasema. "Ungelia, pua ingeziba."

Nilikwenda jikoni, nikafungua droo, nikachaji simu. Jumbe za sauti za dada yangu zilikuwa zimepangana moja juu ya nyingine. Mama amezidiwa. Mama anakuita. Mama ametutoka. Tunazika Jumamosi, piga hata dakika moja tuweke simu kwenye spika asikike mtoto wake. Ya mwisho haikuwa na neno, ilikuwa pumzi tu, kisha akakata.

Jumamosi hiyo ndiyo ile ya kabati.

Baadaye nilijua mengine. Madam alikuwa amemwambia dada yangu kwamba nimepewa habari na nimekataa kuongea na mtu. Na alikuwa ametuma jeneza, kutoka Mombasa, la mbao ya mninga na vishikio vya shaba, na gari la kulileta, na vyakula vya waombolezaji kwa siku nne. Kijijini hawakuwahi kuona maziko ya namna ile. Walisema mtoto wa Uarabuni amemzika mama yake kama malkia, ila amekuwa na kiburi, hataki hata kushika simu. Nilipomweleza dada yangu ukweli hakuusadiki. Mtu atume jeneza kama lile, halafu akunyime habari ya kifo? Aliona natafuta wa kumsingizia.

Ahadi ya miezi miwili Madam aliitimiza, tiketi na kila kitu. Nilikwenda. Kaburi lilikuwa limekwisha kusakafiwa. Dada yangu alinipa chumba cha wageni na chakula, akaongea nami kama mtu anayeongea na mkaguzi. Kabati lilikuwa limegawiwa kwa shangazi pamoja na vyombo. Mwezi wa pili haukuisha, nikarudi Riyadh.

Watu huniuliza kwa nini nilirudi kwake, na mara nyingi husema ni mkataba, ni ikama, kile kibali cha ukaazi, ni shida. Hayo yapo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba kule nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kuniuliza nasikia nini. Nilikaa kwake miaka miwili zaidi. Nilimnusia na kumwonjea kila Alhamisi, nikawa hodari kupita alivyokuwa yeye kabla hajaugua. Hatukumtaja mama yangu tena. Safari hazikuwapo tena, kwa kuwa Baba alikuwa ameanza kuuliza kuhusu zile bustani.

Nyumba ile ilivunjika bila kelele. Baba alioa mke mwingine, halafu wa kwanza akapewa talaka, jumba likauzwa. Kwenye karatasi kafili wangu, yaani mdhamini wangu, alikuwa Baba, na nimtendee haki, aliniita ofisini, akaniuliza nataka kwenda wapi. Yule mama wa kahawa alikuwa amekwisha kuniulizia. Baba akahamisha ikama yangu, halas, yakaisha, nikaenda Jeddah.

Kazi yangu sasa ni kuonja kahawa. Kila fungu likikaangwa naletewa, navuta kwa kijiko, natema, naandika. Mara tatu kwa wiki naongoza meza ya wageni, na vijana wa Jeddah hulipia viti ili niwafundishe. Nawaambia wafunge mdomo, wavute kidogo kidogo, watafute mahali badala ya jina. Huandika maneno hayo kwenye simu zao. Hawajui ya nani.

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya Alasiri, mwanamke aliyejifunika uso alikuja peke yake na kuketi kiti cha mwisho. Aliinua niqabu kidogo kuonja kila kikombe, hakuuliza swali, hakuandika. Wengine walipoondoka alibaki ameketi. Nikaenda kukusanya vikombe.

"Kuna mahala pa faragha?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nikampeleka chumba cha wanawake cha kutawadhia. Aliniambia nifunge mlango. Akavua niqabu, akavua na mtandio. Alikuwa amezeeka shingoni. Nilikuwa nimesikia kwamba amehamia Jeddah, ghorofa moja upande wa kaskazini, na binti zake, na kwamba Bibi alifariki kwake mwenyewe Al-Mahjar bila kuhamishwa.

"Watoto hawakai karibu nami," akaanza, bila salamu. "Nikiketi, mmoja anakumbuka kitu chumbani. Kwenye gari wanafungua madirisha. Naoga mara nne kwa siku. Nabadilisha nguo, nafukiza udi, nachoma ubani mpaka kengele ya moshi inalia. Nikiwauliza wanasema hamna kitu, mama. Nikimuuliza mtumishi anasema mafi, madam, mafi, hakuna. Wote waongo, wananiogopa." Alikuwa anakunja na kukunjua mtandio. "Wewe huniogopi tena. Na nakujua, huwezi kukosea."

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni.

"Sogea," akasema. "Nambie kweli. Nanukia, au nanuka?"

Nikasogea. Nilikuwa sijawahi kuwa karibu naye hivyo ila siku zile za hospitali. Nikafunga mdomo, nikavuta kidogo kidogo, kwenye nywele, nyuma ya sikio, kwenye shingo. Kulikuwa na sabuni, na udi wa gharama, na abaya iliyopigwa pasi asubuhi ile. Chini yake ilikuwa ngozi safi ya mwanamke wa makamo aliyeoga sana mpaka imekauka. Hakukuwa na kitu kingine. Nilijua kwa nini watoto wake wanafungua madirisha, na haikuwa kwa sababu ya harufu.

Alikuwa amefumba macho akisubiri.

"Kidogo," nikamwambia.

Akafumbua macho. "Wapi?"

"Siwezi kusema ni wapi. Ipo tu."

Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyethibitishiwa. Akaniambia ahsante. Akakunja mikono ya abaya, akafungulia bomba, akaanza kujisugua shingo kwa sabuni ya kunawia. Nikatoka, nikamfungia mlango, nikarudi mezani kupanga vikombe vya wageni wa baada ya Magharibi. Walipoanza kuketi, maji yalikuwa bado yanasikika yakimwagika.